Neno "chilly": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotumia Kiingereza kazini au darasani Kigoma na Tabora: wanafunzi wa sekondari, wahudumu wa gesti, waongoza watalii, wauza samaki. Kila jibu linajitegemea. Panapohitajika maelezo zaidi, namba ya swali lingine imetajwa.

## Maana

1. "Chilly" ni nini kwa Kiswahili?

Neno la karibu kabisa ni *kibaridi*. Ni ile baridi isiyoumiza, lakini inayokufanya ujitande kitenge au urudi ndani kuchukua sweta. Kamusi nyingi huandika "-a baridi" tu. Hazijakosea, ila zimepoteza kipimo, kwa sababu "-a baridi" inabeba hata barafu.

Ugumu uko kwenye aina ya neno. Kibaridi ni nomino, "chilly" ni kivumishi, kwa hiyo sentensi haiwezi kuhamishwa neno kwa neno. "It's chilly" ni *kuna kibaridi*. "A chilly morning" ni *asubuhi yenye kibaridi*. "I feel chilly" ni *nasikia kibaridi*.

Jambo la kushika mapema, maana linafungua karibu maswali yote yaliyobaki: "chilly" linapima ngozi ya mtu, halipimi kitu. Pakiwa na mtu anayesikia baridi na hajaifurahia, neno linakaa. Pasipo na mtu huyo, kwa kawaida halikai.

2. Inaanzia nyuzi ngapi?

Hakuna namba. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Mwenyeji anayesubiri treni alfajiri yuko ndani ya koti na kofia ya sufi, naye ana haki ya kusema "It's chilly". Mgeni wa Scotland aliyesimama kando yake kwa fulana anaona hali ni nzuri. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu ngozi ni mbili.

Mwongoza watalii asibishane na mgeni juu ya hilo. Aseme "It's a bit chilly for us", au atoe tahadhari mapema: "It can get chilly on the lake in the early morning, so bring a jacket." Hiyo "can get" ina kazi yake: inasema huwa inatokea, bila kuahidi kwamba kesho itatokea.

3. Maji ya Ziwa Tanganyika yanaweza kuitwa "chilly"?

Yanaweza, mradi unazungumzia mwili unaoingia majini. "The water is a bit chilly" ni sentensi sahihi ya mtu aliyetumbukiza mguu. Ila kwa ziwa letu mara nyingi si kweli. Maji ya juu huwa kwenye nyuzi 25 hivi, na hayapoi haraka usiku kama inavyopoa hewa. Alfajiri ya Julai pale Ujiji, anayeoga huona maji yana joto kuliko upepo.

Baridi inamkuta akitoka. Maji yaliyobaki mwilini yanapokauka huondoka na joto la ngozi, na upepo huharakisha kukauka huko. Kwa hiyo sentensi inayoendana na hali halisi ni "The water is fine, but it's chilly when you get out". Vivyo hivyo kwa abiria wa boti ya kwenda Gombe. Hajagusa ziwa, lakini rasharasha za mawimbi zimemlowesha mikono, boti inakimbia, na jua halijapanda juu ya milima. Hapo "chilly" ndilo neno lenyewe.

4. "Cool", "chilly", "cold" na "freezing" zinapangwaje?

Kutoka nyepesi kwenda kali ni kwa mpangilio huohuo. "Cool" ni ubaridi unaopendeza, kama kivuli cha mwembe saa nane mchana. "Chilly" unaanza kukera. "Cold" ni baridi kamili. "Freezing" kwa maana yake halisi ni kuganda, na maji huganda kwenye nyuzi 0, lakini katika mazungumzo Mwingereza husema "I'm freezing" hata chumba kikiwa na nyuzi 15. Ni kutia chumvi tu, usimwitie daktari.

Ukikosea kati ya "cool" na "chilly" umebadilisha sifa kuwa lawama. Mapokezi ya gesti yakimwambia mgeni "Your room is chilly", mgeni atadhani anaombwa radhi. Kama unakisifia chumba, sema "Your room is nice and cool".

"Frosty" linahitaji sakitu, ule ukoko mweupe unaoonekana kwenye nyasi asubuhi. Makete na Njombe wanaujua. Kando ya Ziwa Tanganyika haupo. Kwa insha ya "A cold morning in my village" iliyowekwa Kasulu, Buhigwe au Sikonge, "chilly" na "misty" zinatosha.

5. Kuna tofauti na kipupwe?

Kipupwe ni majira, ile miezi ya katikati ya mwaka. "Chilly" ni hali, na inaweza kutokea hata Machi baada ya mvua ya usiku kucha. Kipupwe ukitafsiri kwa "the cool dry season" unaeleweka. "Chilly season" halijavunja sarufi, lakini halisikiki sana.

Wanaozungumza Kiha wana *imbeho*, ambalo shina lake ni ndugu wa *upepo* wa Kiswahili. Undugu huo unasaidia kukumbuka matumizi, maana "chilly" nalo hupenda sana kuandamana na "wind" na "breeze".

## Matamshi na tahajia

6. Linatamkwaje?

Silabi mbili, *chi-li*, mkazo kwenye ya kwanza. Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa kuwa mkazo wetu nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. "L" ni moja tu masikioni, ingawa zimeandikwa mbili. "I" ya kwanza ni fupi na imelegea, inaegemea kidogo upande wa "e".

Makosa mawili yana gharama. "Ch" ikigeuka "s" umesema "silly", yaani mpumbavu. "It's a silly morning" itachekesha. "She is silly" itagombanisha. La pili linawapata wale ambao lugha yao ya nyumbani haitenganishi "l" na "r": "chilly" inasogea kuwa "cherry", ambalo ni tunda. Ulimi wa "l" unagusa ufizi na kutulia. Usiupige.

7. Kwenye chupa ya pilipili imeandikwa "chilly sauce". Ni sosi ya baridi?

Hapana, ni pilipili. Uingereza pilipili huandikwa "chilli", Marekani "chili", na kwa Kiingereza cha India tahajia "chilly" ni ya kawaida, ndiyo maana inafika dukani kwenye pakiti za viungo. Matamshi ya zote ni sawa na ya "chilly" ya baridi. Nchi ya Chile nayo Waingereza huitamka hivyohivyo.

Maneno hayana asili moja. La pilipili lilitoka lugha ya Nahuatl ya Mexico likapitia Kihispania. La baridi ni Kiingereza cha kale, kutoka jamii moja na "cold" na "cool", likaongezewa "-y" kama ilivyoongezwa kwenye "windy" na "dusty". Kwenye mtihani andika "chilli" kwa pilipili na "chilly" kwa baridi. Wingi wa pilipili ni "chillies". La baridi ni kivumishi, kwa hiyo halina wingi.

## Kwenye sentensi

8. Kwa nini "Today there is chilly" imekosewa?

Kwa sababu imejengwa juu ya "leo kuna kibaridi", na "chilly" si nomino. Una njia mbili. Ukitaka kivumishi: "It is chilly today." Ukitaka nomino, tumia "chill": "There is a chill in the air." Katika ya kwanza hiyo "it" haimaanishi kitu chochote. Inakalia kiti cha kiima tu, kama kwenye "It is raining". "Today is chilly" pia inakubalika.

9. "Nasikia baridi" nitaisemaje?

"I'm cold", au ikiwa ndogo, "I feel chilly" au "I'm feeling a bit chilly". Kiswahili husikia baridi na harufu. Kiingereza husikia kwa masikio tu, kwa hiyo "I hear cold" haieleweki kabisa.

Kuna mtego wa pili ulio mbaya zaidi. "I have a cold" ni *nina mafua*. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu "I have a cold" akitaka dirisha lifungwe anaweza kurudishwa bwenini kupumzika. Nayo "baridi imenipiga" isigeuzwe kuwa "Cold has beaten me". Ukiwa umeanza kuugua kidogo kwa sababu hiyo, sema "I've caught a chill".

10. Ulinganishi wake ni upi?

"Chillier", "the chilliest". "Y" inageuka "i", "l" mbili zinabaki. "Kasulu is chillier than Ujiji" ni sahihi kisarufi na kijiografia, kwa kuwa Kasulu iko juu milimani na Ujiji iko ufukweni. "More chilly" husikika, lakini kwenye karatasi ya mtihani usijaribu.

Maswali ya kugeuza sentensi hulipenda neno la namna hii: "It was so chilly that we lit a fire", "It was too chilly to swim". Kumbuka kwamba "too" tayari ina ukanusho ndani yake. Ukiandika "too chilly that we could not swim" umechanganya miundo miwili, na alama imekwenda.

11. Naweza kusema "absolutely chilly"?

Usiseme. "Absolutely" huenda na maneno yaliyofika kileleni, kama "freezing". "Chilly" ni neno la katikati, linapenda vipunguzo: "a bit chilly", "a little chilly", "rather chilly". "Very chilly" na "quite chilly" ziko sawa. Mzungumzaji akihitaji zaidi ya hapo huhama ngazi, akasema "cold".

12. Mgeni akiagiza soda ya baridi, niseme "chilly soda"?

Hapana. Soda haisikii baridi (swali la 1). Sema "a cold soda". Kwenye menyu au lebo tumia "chilled", yaani iliyopozwa makusudi: "Serve chilled", "Keep chilled".

Na kwa kuwa hapa kwetu swali la kawaida ni "ya baridi au ya moto?", angalia usimuulize mgeni "Cold or hot?" Soda ya moto kwetu ni ile ambayo haijaingia friji, "hot soda" kwake ni iliyochemshwa. Uliza: "Would you like it cold or at room temperature?"

Chai iliyopoa ni "The tea has gone cold". Biashara iliyopoa ni "Business is slow". Mambo yakiwa poa, ni "fine" au "cool". "Chilly" haingii kwenye hata moja.

13. Na samaki waliowekwa barafu?

"Chilled fish". Hapa neno likikosewa, pesa inaweza kupotea, kwa sababu kwenye nyaraka za biashara "chilled" na "frozen" ni bidhaa mbili tofauti. "Chilled" ni samaki mbichi aliyepozwa karibu na nyuzi 0 bila kuganda. Mgebuka aliyepangwa kwenye deli, tabaka la barafu iliyopondwa, tabaka la samaki, tena barafu, ni "chilled": ukimbonyeza nyama inabonyea. "Frozen" ameganda hadi ndani, na kiwango kinachotumika sana kuhifadhi ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukimwandikia mnunuzi "frozen" halafu akapokea wa barafu ya deli, anaweza kukataa mzigo. Ukiandika "chilly fish", atajiuliza kama samaki wako wanatetemeka.

## Kwa watu na uhusiano

14. Mtu anaweza kuwa "chilly"?

Ndiyo, kwa maana mbili zisizofanana. "Are you chilly?" ni kumuuliza kama anasikia kibaridi. "She was chilly towards us" ni kwamba alitupokea bila bashasha, akajibu mkato, hakutukaribisha hata kiti. Muktadha ndio unaoamua. Kihusishi cha kutazama ni "towards", "to" au "with": kikifuatiwa na mtu, ujue ni tabia.

Kwa maana hii ya pili maneno yanayoandamana nalo ni machache, na yafaa kuyajua kama yalivyo: "a chilly reception", "a chilly silence", "a chilly stare", "chilly relations". La mwisho ni la magazeti, pale nchi mbili zisipoelewana.

Lakini Kiswahili kinatutega. Kwetu mtu *aliyepoa* ni mpole, mtulivu, hana makelele. Ni sifa, tena ya kumsifia mkwe. Ukimtambulisha mwenzako kwa mgeni kuwa "He is chilly", umesema ana roho ngumu kwa watu. Sema "He is calm", "He is easy-going".

15. "Chilly", "cold", "frosty" na "icy" zina tofauti gani kwa tabia?

"Cold" ni maumbile ya mtu, hana huruma. "Chilly" ni mwenendo wa siku ile au kwa mtu fulani, na kesho anaweza kuchangamka. "Frosty" ni "chilly" iliyokazwa, mara nyingi kuna kinyongo. "Icy" ina hasira ndani.

"Frigid" usiliseme kabisa juu ya mwanamke. Kwa hali ya hewa ni baridi kali mno, lakini kwa mwanamke ni tusi la mambo ya chumbani.

## Ndugu wa neno hili

16. Vijana wanasema "tunachili". Ni hilohilo?

Asili ni moja, maana zimeachana. Hilo linatokana na "chill", kitenzi cha mitaani cha kupumzika. "He's chill", bila "y", ni mtu asiye na makuu, asiyepaniki. "He's chilly" ni ama anasikia baridi, ama amenuna. Herufi moja inageuza sifa kuwa lawama, kwa hiyo usimwandikie rafiki "Stay chilly" ukitaka atulie. Ni "Stay chill".

17. Hospitalini niseme "chilly" au "chills"?

Kama unatetemeka kwa homa, sema "chills", yenye "s": "I have a fever and chills." Ndiyo ile hali inayowapata wengi wenye malaria, kujifunika blanketi mbili jua likiwaka na meno bado yanagongana. "I feel chilly" ni nyepesi mno hapo. Anayekusikiliza anaweza kudhani feni inakusumbua. Tetemeko likiwa kubwa hadi kitanda kinatikisika, neno ni "shivering" au "shaking chills". Taja pia lilianza lini na linarudi kila baada ya muda gani, maana maelezo hayo yana uzito kuliko kivumishi chochote.

18. "Chilling" je?

Ni kuogofya. "A chilling story" ni habari inayosisimua mwili kwa hofu, haina uhusiano na hali ya hewa. "Chilling weather" husemwa mara chache. Kwa kawaida utaambiwa uandike "chilly weather".

## Yasiyo ya kila siku

19. Mgeni wa New Zealand ameomba "chilly bin". Anataka nini?

Deli la barafu. Kwao ndilo jina la kasha la kubebea vinywaji na samaki. Mwingereza angeomba "cool box", Mmarekani "cooler", Mwaustralia "esky". Ni kweli kwamba linavunja kanuni ya swali la 1, kwa kuwa hakuna ngozi ya mtu ndani ya kasha. Ni jina lililokwishazoeleka, lichukue kama lilivyo.

20. "Wind chill" ni nini?

Ni hesabu ya jinsi upepo unavyofanya mwili uone baridi kuliko kipimajoto kinavyosema. Upepo hauishushi nyuzijoto ya hewa. Unaondoa haraka tabaka jembamba la hewa ya joto lililoizunguka ngozi. Watabiri wa nchi za baridi ndio huitaja. Utabiri wa Kigoma hauihitaji.

21. Nomino na kielezi chake ni vipi?

Nomino ni "chilliness", ingawa watu hupendelea "chill". Kielezi ni "chillily". Kimo kamusini, na kinywani kinakwama. Andika "coldly", au "in a chilly voice".